Mchezo Wenye Nyimbo na Mchezo wa Nyimbo: Kijana wa Nairobi na Lugha ya Jukwaa Lake

Katika uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili kuna mtu mmoja ambaye bado hajapewa kiti. Ni kijana wa Nairobi, mwanafunzi wa sekondari au wa chuo, ambaye mapenzi yake makubwa ni mchezo wa kuigiza unaosimuliwa kwa nyimbo. Mtu huyu huonekana mwisho wa juma nje ya jumba la kitaifa la michezo ya kuigiza, lile lililofunguliwa mwaka 1952, akiwa na tikiti aliyoinunua kwa kujinyima chakula cha mchana. Nyimbo zote amekwisha kuzihifadhi kabla pazia halijafunguliwa. Anajua ni wapi sauti ya pili huingia na ni wapi kwaya hunyamaza ili mmoja aimbe peke yake. Mwigizaji akikosea neno, kijana humtazama mwenziwe kando, na wote wawili hutikisa kichwa. Anayoyajua juu ya mchezo huo ni mengi kuliko anayoyajua juu ya tamthilia yoyote ya Kiswahili aliyowahi kutahiniwa.

Wakubwa wake wanayo maelezo mepesi ya jambo hili. Husema kwamba ametekwa na mambo ya kigeni, na kwamba angalikuwa na uzalendo angalipenda vya kwao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi. Kijana huyu si mtu aliyepotea, bali ni msikilizaji makini. Na anachokikosa katika tamthilia ya Kiswahili ni kitu ambacho kweli hakimo, au kilikuwamo kikaachwa kipotee.

Ushahidi wa kwanza ni Sarafina!, mchezo wa Mbongeni Ngema uliozaliwa katika Market Theatre jijini Johannesburg mwaka 1987, ukavuka hadi New York mwaka huo huo, kisha ukawa filamu mwaka 1992. Katika Kenya ni vigumu kumpata kijana aliyepitia sekondari asiyeijua filamu hiyo, na mchezo wenyewe umechezwa na vijana wa Nairobi katika miaka ya karibuni. Sehemu kubwa ya nyimbo zake ni za Kizulu. Kijana wa Kitui au wa Kakamega haijui lugha hiyo hata kidogo, wala hakuna aliyemlazimisha kuijifunza, lakini huimba maneno yake kwa usahihi wa kushangaza, na machozi humtoka mahali panapostahili. Madhali hali ni hiyo, dai kwamba kijana huyu anapenda tu kile kilichoandikwa kwa Kiingereza linaanguka. Anakubali lugha yoyote ile, mradi wimbo unafanya kazi yake mbele ya macho yake.

Kazi hiyo ni ipi? Kiswahili chenyewe kina njia nzuri ya kuitofautisha. Kuna mchezo wenye nyimbo, na kuna mchezo wa nyimbo. Katika ule wa kwanza wimbo ni mali ambayo mchezo unayo, kama mtu aliye na saa mkononi. Akiivua hubaki yeye yule. Katika ule wa pili wimbo ndio maungo ya mchezo. Kipimo chake si kigumu. Uondolewe wimbo mmoja, kisha iulizwe kama kuna mhusika aliyebaki hajaamua jambo, au hajaungama, au hajashindwa, kwa sababu ya kukosekana kwa wimbo huo. Ikiwa hakuna, basi huo ulikuwa mchezo wenye nyimbo. Tamthilia nyingi za Kiswahili zinazosomwa shuleni zikipimwa hivyo huangukia upande huu. Wanakijiji huingia wakiimba, huzunguka jukwaa, hutoka. Mazungumzo huendelea yalipokomea. Penina Muhando alijitahidi zaidi ya wengi: katika Nguzo Mama na Lina Ubani, zote za miaka ya 1980, usimulizi, ngoma na wimbo vimefumwa pamoja na kisa, hata mwongozaji asiyejua kuimba hawezi kuzicheza. Lakini Muhando aliandika Dar es Salaam, na mfano wake haukufuatwa Nairobi kwa kiasi ulichostahili.

Hata hivyo Nairobi haikukosa mifano ya kwake. Mwezi wa Oktoba 1976 jumba lile lile la kitaifa lilikuwa na mvutano ambao haufai kusahauliwa. Mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo juu ya kesi ya Dedan Kimathi, uliotolewa kwa Kiswahili mwaka 1978 kwa jina la Mzalendo Kimathi, pamoja na Betrayal in the City wa Francis Imbuga, ilikuwa imeandaliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC lililofanyika Lagos mwaka 1977. Michezo hiyo miwili ilipewa siku chache tu, kwa kuwa jumba lilikuwa limekwisha kutengewa wengine. Miongoni mwa hao walikuwa City Players, waliokuwa na A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, mchezo wa nyimbo wa Stephen Sondheim uliofunguliwa New York mwaka 1962, unaohusu mtumwa wa Roma ya kale atafutaye uhuru wake kwa hila na vichekesho. Kwa maneno mengine, mtumwa wa Kirumi alikuwa na nafasi jukwaani kuliko Kimathi. Lakini linalohusu hoja hii zaidi ni yaliyotokea katika maonyesho ya Kimathi. Mwishoni, ngoma na wimbo vilipoanza, watazamaji hawakupiga makofi wakaenda zao. Waliinuka, wakajiunga na waigizaji, wakatoka nao ukumbini hadi barabarani kuelekea hoteli ya Norfolk. Wimbo huo haukuwa pambo, kwa maana pambo haliwatoi watu vitini.

Mwaka uliofuata jambo hili lilipewa umbo kamili huko Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, katika Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wanakijiji walijenga jukwaa wenyewe, wakasahihisha maneno, wakawafundisha waandishi nyimbo ambazo waandishi hawakuzijua vizuri. Sehemu iliyo muhimu kwa mhakiki ni ile ya gĩtiiro, nyimbo za majibizano za arusi ya Kikuyu, ambamo wanawake wa upande huu na wa upande ule huulizana, hudaiana, hukejeliana na hatimaye hupatana, yote kwa kuimba. Hakuna mazungumzo ya mahari yanayotangulia wimbo. Wimbo ndio mazungumzo ya mahari. Ukiondolewa, hakuna makubaliano, wala hakuna arusi. Hapo ndipo mchezo wa nyimbo ulipokuwa, umbali wa mwendo mfupi kutoka Nairobi, bila ya kuazimwa popote. Kibali chake kilifutwa mwezi wa Novemba 1977, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 mchezo wa pili, Maitũ Njugĩra, uliokusanya nyimbo za lugha kadhaa za Kenya, ulinyimwa ukumbi. Maelfu ya watu wakautazama katika mazoezi yaliyofanywa Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha mazoezi nayo yakakomeshwa. Mwezi wa Machi mwaka huo jukwaa la Kamĩrĩĩthũ lilibomolewa.

Mwaka huo huo wa 1982 ndipo ilipotoka tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda. Na hapa pana jambo la kusikitisha ambalo halina uhusiano na serikali yoyote. Mwezi wa Mei 2022, Ngaahika Ndeenda iliporudi jukwaani jijini Nairobi, katika jumba la kitaifa, ilichezwa kwa Kikuyu siku nyingine na kwa Kiingereza siku nyingine. Vijana walijaa. Lugha ya taifa, ambayo ilikuwa na tafsiri yake tayari kwa miaka arobaini, haikuwamo. Hakuna aliyeizuia. Wanaokilinda Kiswahili wangefanya vyema kujiuliza ni kwa nini.

Sehemu moja ya jibu imo kitabuni. Mkikuyu husema kwa toni, na mahadhi ya nyimbo zake za jadi hayawezi kwenda kinyume cha toni hizo bila maneno kubadilika maana. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, kina mkazo. Mfasiri aliyekaa na kalamu alihamisha maana, na maana ilifika salama. Lakini mahadhi hayapandi kwenye karatasi. Tamthilia zetu zilizochapishwa, za tafsiri na za asili, aghalabu humpa msomaji maneno ya wimbo kwa hati ya mlazo na maelezo ya jukwaa yasemayo kwamba wanaimba. Wanaimba nini? Kwa mahadhi yapi? Kwa kasi gani? Mwalimu wa shule anayetaka kuicheza tamthilia hiyo hana budi kuyapachika maneno juu ya wimbo wa kanisa anaoujua, au kuwaambia wanafunzi wayaseme kama shairi. Wimbo wa majibizano ukisomwa kama shairi huwa ni orodha ya malalamiko.

Suala la mkazo linastahili kukaliwa kidogo, kwa maana ndipo penye fundo. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache, na silabi zake nyingi mno huishia kwa irabu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayajua haya, lakini athari yake katika utunzi wa nyimbo za jukwaani haijashughulikiwa inavyopasa. Sentensi ya Kiswahili hupanda kwenye silabi moja kabla ya mwisho, kisha hushuka na kutua. Mahadhi yaliyotungiwa Kiingereza mara nyingi hufanya kinyume: hupanda hadi kwenye silabi ya mwisho kabisa na kukaa hapo, kwa sababu Kiingereza kina maneno tele ya silabi moja yenye mkazo, na mtunzi hupenda kuyaweka kwenye pigo kuu. Maneno ya kawaida kama "nitarudi kesho" yakitiwa katika mahadhi ya namna hiyo, pigo kuu huiangukia "sho", na "kesho" ikatoka kama jina la mji usiojulikana. Mwimbaji ana njia mbili: kulivunja neno au kuyavunja mahadhi. Walio wengi hulivunja neno. Masikio yamezoeshwa uvunjaji huo na vitabu vya nyimbo za kanisa vilivyofasiriwa, ambamo kwa zaidi ya miaka mia moja hata jina la Mwenyezi Mungu limetiwa mkazo kwenye silabi isiyo yake.

Pamoja na mkazo kuna urefu. Kiingereza hutangaza mapenzi kwa silabi tatu. Kiswahili kikisema "ninakupenda" kimetumia tano, na hata kikikatiza kwa "nakupenda" bado ni nne. Tena zile silabi tatu za Kiingereza ni maneno matatu, ambayo mwimbaji anaweza kuyatenganisha kwa pumzi na kwa kimya. Kitenzi cha Kiswahili humbeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo ndani ya neno moja, na anayevuta pumzi katikati yake amemkata mtu kiuno. Kwa hiyo anayefasiri wimbo wa jukwaa wa kigeni silabi kwa silabi hutoa kitu ambacho si lugha ya mtu yeyote. Kijana anayeijua asili yake akikisikia hucheka. Kicheko chake huhesabiwa kuwa dharau kwa Kiswahili. Sivyo. Kicheko hicho ni uhakiki, tena ni uhakiki wa arudhi.

Wala haikosekani kazi ya kuonyesha kwamba mambo yanaweza kwenda kinyume cha hapo. Wimbo wa taifa la Kenya, uliotayarishwa mwaka 1963 na kamati ya watu watano, ulitokana na mahadhi ya bembezi ya Wapokomo, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiswahili katika kundi la Sabaki. Mahadhi hayo hutua kwa kushuka, na maneno ya Kiswahili yamekaa ndani yake bila ya kulazimishwa. Anayetaka kuhakikisha na autazame ubeti wa kwanza wa Kiingereza: huko ndiko watunzi walikolazimika kutafuta, mstari baada ya mstari, maneno yanayoishia kwa silabi legevu ili yalingane na mahadhi. Kwa mara moja mzigo ulikuwa juu ya kichwa cha Kiingereza. Mmoja wa watano hao alikuwa Graham Hyslop, aliyekuwa ofisa wa muziki na drama zama za ukoloni, na ambaye mwaka 1957 alichapisha Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, miongoni mwa michezo ya kwanza ya Kiswahili kuchapishwa Kenya. Mwaka huo huo ilichapishwa Nakupenda Lakini... ya Henry Kuria, iliyokuwa imechezwa na wanafunzi wa Alliance miaka mitatu kabla. Ni ajabu kwamba tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya ililelewa na mwanamuziki, na kwamba ilikua ikawa tamthilia ya mazungumzo.

Husemwa kwamba dawa iko pwani, katika taarab. Kauli hiyo ina ukweli, lakini inahitaji kupunguzwa chumvi. Ni kweli kwamba katika arusi ya Mombasa wimbo ni tendo. Mwanamke huinuka katikati ya ubeti, noti mkononi, akaenda kumtuza mwimbaji kwa mwendo wa taratibu unaomwonyesha kila aliyehudhuria ni nani aliyelengwa na fumbo. Huo ni uigizaji kamili, na waigizaji wake hawakupewa nakala ya mchezo. Ni kweli pia kwamba malenga na mwimbaji walifanya kazi bega kwa bega, kama Ahmad Nassir na Juma Bhalo, mmoja akitunga na mwingine akiyapa maneno mahadhi, na kwa sababu hiyo neno halikuvunjwa shingo. Lakini wimbo wa taarab hukaa katika hali moja tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyeanza akiwa na kinyongo humaliza akiwa nacho, na jibu la mpinzani huja siku nyingine, katika arusi nyingine. Jukwaa haliwezi kungoja hivyo. Linamtaka mhusika aanze ubeti wa kwanza akikataa, na amalize wa mwisho akikubali.

Ngonjera nayo, ambayo Mathias Mnyampala aliieneza kwa Ngonjera za UKUTA mwaka 1970, ina majibizano tayari, na kwa hiyo ingedhaniwa kuwa ndiyo mlango. Kasoro yake ni kwamba wabishi wote wawili hutumia mizani ile ile na vina vya namna ile ile. Mlevi na mwalimu wake hupumua sawasawa. Masikio hayawezi kumtambua mmoja na mwingine, na mwisho hujulikana tangu mwanzo. Yamkini utenzi una faida zaidi kwa mtunzi wa kesho: vipande vifupi vya mizani nane, mahadhi yaliyoachiwa huru kwa msomaji, na uwezo wa kusimulia vita au safari kwa beti chache wakati wahusika wakibadilisha mavazi. Hayo ni makisio, hata hivyo, na yatathibitika jukwaani tu.

Wakati huo huo vijana hawakungoja wataalamu. Mo Faya! ya Eric Wainaina, iliyofika tamasha la michezo ya nyimbo la New York mwaka 2009, ilimchukua shujaa wa Wajaluo, Lwanda Magere, ikamfanya mtangazaji wa redio katika mtaa wa mabanda uitwao Kwa Maji. Jina la mchezo lenyewe ni la mtaani. Wengine waliofuata wamechanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng kwa kadiri masikio yao yalivyowaelekeza. Mhakiki wa Kiswahili anaweza kuinua pua mbele ya Sheng akitaka. Ajue tu kwamba Sheng imekwisha kuitatua, bila ya kusoma fonolojia, taabu iliyoelezwa hapo juu: hukata maneno, hupata silabi moja ya kuiweka kwenye pigo kuu, huachia kitenzi kipumue. Kiswahili sanifu kina njia zake za kufanya hivyo, lakini ni nani aliyezikusanya?

Darasani hali ni nyingine. Mwanafunzi huulizwa ataje umuhimu wa nyimbo katika tamthilia aliyoisoma. Hujibu kwamba huburudisha, hutoa mafunzo, hubadilisha mandhari na huvunja uchovu. Hupata alama zote. Jibu hilo lingemfaa mtu aelezaye umuhimu wa soda. Na aliyeandika jibu hilo ndiye yule yule ambaye, katika mazoezi ya tamasha la drama la shule, hubishana na wenzake kwa saa nzima juu ya nani aanze wimbo na kwa nini mama mtu asiimbe kabla hajajua kwamba mwanawe amekufa. Maarifa ya jioni hayaruhusiwi kuingia katika karatasi ya asubuhi. Mwezi wa Aprili 2025, huko Nakuru, wasichana wa Butere walifikishwa kwenye tamasha la kitaifa na mchezo wao Echoes of War, wakakuta hawana watazamaji wala vyombo vya sauti. Hawakuucheza. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Hakuna aliyewafundisha darasani kwamba wimbo waweza kuwa ndio tendo la mchezo, lakini walijua.

Kazi iliyo mbele ya idara za Kiswahili kwa hiyo si kumhubiria kijana. Ni kazi ya mezani na ya uwandani. Tamthilia inayochapishwa na itolewe pamoja na mahadhi yake, yaliyoandikwa kwa nota au yaliyonaswa. Mwanafunzi wa uzamili anayehesabu vina na mizani katika diwani ishirini na apewe nusu ya muda huo akae na mpiga kinanda wa taarab au kiongozi wa kwaya, aone mkazo unaanguka wapi. Na Nitaolewa Nikipenda ifunguliwe upya, safari hii na mfasiri na mwanamuziki wakiwa katika chumba kimoja, pamoja na mmoja wa wale waliouimba mchezo huo kwa lugha yake ya kwanza. Jambo hili la mwisho haliwezi kuahirishwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki mwezi wa Mei 2025, na aliyekuwa na umri wa miaka ishirini kwenye jukwaa la Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 sasa anakaribia sabini.